Kumbe huko juu nako kuna upepo!

Haya msomaji wangu, wiki hii tunapanda juu. Shika bomba vizuri maana dereva wetu wa leo hana simile.

Tarehe 30 Desemba 2024, yapata saa tisa alasiri, watu wa kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni huko Kenya, walikuwa kwenye shughuli zao za kufunga mwaka. Mara puu! Kitu kimetua. Kwenda kuangalia, wanakuta pete. Si pete ya harusi bwana, pete ya chuma yenye upana wa mita 2.5 na uzito wa kama kilo 500. Piga hesabu ya magunia matano ya mahindi ya kilo mia, halafu yaangushe kutoka mbinguni bila hodi. Mungu saidia hakuumia mtu.

Shirika la Anga la Kenya likaja, likalichukua dude hilo na kusema kwamba kwa uchunguzi wa awali ni pete ya roketi, ile inayoshikanisha vipande vya roketi ambavyo huachana njiani wakati wa kupanda. Wakasema kwa kawaida vitu hivyo hutengenezwa ili viungue wakati wa kurudi, au viangukie pasipo na watu, kama baharini. Hiki hakikuungua kikaisha, na bahari hakikuiona.

Basi kijiweni ubishi ukaanza. Mmoja anasema vitu vya angani huanguka vikiishiwa mafuta. Mwingine anasema betri. Wa tatu, ambaye ni fundi redio na kushindwa kwake ni mwiko, anasema ni mvua za huko juu zinavilowesha mpaka vinalegea. Ushahidi wake: mvua ikinyesha, dishi la televisheni linakata picha!

Hii ya mvua tuiondoe kwanza ili tuheshimiane. Satelaiti za televisheni zimekaa karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Hiyo ni karibu mara tatu ya unene wa dunia yenyewe. Mawingu yetu ya masika, hata yale meusi yanayofanya mama watu wakimbilie kuanua nguo, hayafiki hata kilomita 20. Satelaiti haina habari kama kwako kunanyesha. Kinachopata taabu ni mawimbi yanayoshuka. Vidishi vidogo vya siku hizi vinapokea mawimbi mafupi, ya sentimeta mbili na kitu hivi, na hayo humezwa na matone ya mvua njiani. Yale madishi makubwa kama sinia la pilau la msikitini, yaliyokuwa yakiwekwa kwenye nyumba za wenye nazo miaka ya 1990, yalitumia mawimbi marefu zaidi, na mvua haikuyasumbua sana. Fundi redio sasa amenyamaza, tuendelee.

Kinachoviangusha vitu vya angani ni hewa. Ndiyo, hewa hii hii unayovuta hapo ulipo.

Shuleni wengi wetu tulikariri kwamba juu ya dunia kuna angahewa, halafu inaisha, halafu kuna utupu. Tukaondoka na picha kama ya ukuta: huku hewa, kule hamna. Ukuta huo haupo. Hewa inapungua kidogo kidogo kadiri unavyopanda, na haikatiki ghafla. Kile kituo kikubwa cha kimataifa wanachokaa wanaanga kipo kama kilomita 400 juu. Kama gari lingeweza kupanda wima, ungekifikia kabla ya kumaliza safari ya Dar es Salaam kwenda Dodoma! Na hapo kilipo bado kuna hewa. Ni nyepesi ajabu, maana ya huku chini ni nzito kuliko ile kwa mamia ya mabilioni ya mara. Lakini ipo.

Utasema, hewa nyepesi hivyo inamfanya nini mtu? Toa mkono dirishani basi la Mbeya likiwa kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa (usitoe kweli, konda atakufokea mbele za watu) usikie upepo unavyousukuma nyuma. Satelaiti ya chini inakwenda kilomita kama 28,000 kwa saa. Inaizunguka dunia nzima kwa dakika 90, yaani muda wa mechi ya mpira bila mapumziko. Kwa mwendo huo hata ile hewa kiduchu inageuka upepo wa mbele, nao haupumziki usiku wala mchana. Kila mzunguko satelaiti inaibiwa nguvu kidogo, na kila ikiibiwa inashuka kidogo.

Halafu kuna kichekesho ambacho kilinisumbua siku mbili nzima kukielewa. Satelaiti ikipigwa breki na hewa, mwendo wake unaongezeka! Si uongo. Ikipoteza nguvu inashuka, na njia ya chini inadai mwendo mkali zaidi kuliko ya juu. Kwa hiyo hewa inaivuta, yenyewe inashuka, inakwenda kasi zaidi, inakuta hewa nzito zaidi, inavutwa zaidi. Ikifika chini ya kilomita mia na kitu, kwaheri ya kuonana.

Ndiyo maana kituo kile cha kimataifa kinashuka kama kilomita mbili kwa mwezi, na kila baada ya muda lazima injini ziwashwe kukipandisha tena. Kina wenyewe na mafuta yao. Lakini ile pete ya Mukuku ilikuwa na injini gani? Chuma kilichoachwa huko juu hakina dereva, hakina konda, kinazunguka miaka na miaka hewa ikikivuta mdogo mdogo, mpaka siku yake inafika.

Sasa hapa ndipo watu wa pwani tunapotakiwa kuvimba kichwa kidogo. Unajua huo upepo wa juu ya ikweta ulipimwa kutokea wapi? Ngomeni, kaskazini ya Malindi! Miaka ya 1960 Mtaliano mmoja, Profesa Luigi Broglio, alisimamisha majukwaa ya chuma baharini hapo, moja likaitwa San Marco na jingine Santa Rita, ya kurushia roketi. Pale si mbali na ikweta, na upande wa mashariki ni bahari tupu, roketi ikiharibika inazama na samaki. Dunia nayo inavyozunguka inaisukuma roketi bure, na sukumo hilo ni kubwa zaidi karibu na ikweta. Ukienda Malindi leo ukasalimiwa kwa Kitaliano na kijana wa kinyumbani usimshangae, urafiki huo una umri.

Tarehe 26 Aprili 1967 pakarushwa hapo satelaiti inayoitwa San Marco 2. Kazi yake kubwa ilikuwa kupima hewa ya huko juu, na ilivyotengenezwa ni akili ya hali ya juu lakini rahisi kueleza. Ilikuwa mpira ndani ya mpira. Gamba la nje jepesi, la ndani zito, na katikati vimeunganishwa kwa mikono inayonepa. Hewa ikilisukuma gamba la nje, mikono inanepa kidogo, na kunepa huko ndiko kunakopimwa. Kwa maneno mengine ni mzani, ila badala ya kupima sukari unapima upepo ambao binadamu hawezi kuusikia. Ilipofika Oktoba mwaka huo huo hewa iliyokuwa ikipimwa ikaivuta satelaiti yenyewe, ikaungua. Ndugu zake wengine walifuata 1971, 1974 na wa mwisho Machi 1988, naye hakuuona mwaka mpya, Desemba aliungua.

Na kuna nyingine iliyotoka hapo hapo ambayo jina lake halihitaji mkalimani: Uhuru. Ilikuwa ya Wamarekani, ikarushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku Wakenya wanasherehekea miaka saba ya kujitawala, ndiyo ikapewa jina hilo. Ni satelaiti ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksrei itokayo kwenye nyota. Neno la Kiswahili limo kwenye vitabu vya elimu ya nyota dunia nzima, na wengi wetu hatujui. Uhuru ilipomaliza kazi ikaachwa izunguke. Aprili 1979 hewa ikaishusha.

Huo mwaka 1979 ukumbuke, maana miezi mitatu baadaye likashuka dude la kuogopesha. Hapa mzee Jua anaingia kwenye hadithi.

Hewa ya juu haikai kimya. Jua likichachamaa, miale yake inaipasha moto hewa hiyo, na hewa ikipata moto inafura. Umeona maziwa jikoni? Yametulia, umegeuka kidogo kumjibu jirani, ukirudi yameshapanda mpaka mdomoni mwa sufuria. Basi ndivyo. Hewa iliyokuwa chini inapanda, satelaiti iliyokuwa inapita kwenye hewa nyepesi inajikuta imezungukwa na hewa nzito, bila yenyewe kusogea. Jua lina majira yake ya hasira, kama kila miaka 11 linafikia kilele.

Wamarekani walikuwa na kituo chao cha angani kinaitwa Skylab, kimerushwa Mei 1973, kina uzito wa tani zaidi ya 70. Wanaanga wa mwisho waliondoka Februari 1974. Shirika lao la NASA likapiga hesabu kwamba kitakaa juu mpaka vyombo vipya vya kurushwa na kurudi vitakapokuwa tayari, vikisukume juu zaidi. Hesabu nzuri, ila Jua halikushirikishwa kwenye kikao. Likachachamaa kuliko walivyotarajia, hewa ikafura, Skylab ikaanza kushuka. Chombo kipya cha kwanza kilikuja kuruka mwaka 1981. Skylab haikusubiri: tarehe 11 Julai 1979 ikaporomoka, vipande vingine Bahari ya Hindi, vingine magharibi mwa Australia karibu na mji wa Esperance. Gazeti moja la San Francisco lilikuwa limetangaza dola 10,000 kwa wa kwanza kuleta kipande ofisini kwao, na kijana wa miaka 17 wa Esperance akakwea ndege na vipande vyake, akazichukua. Hilo ndilo zali! Nayo halmashauri ya Esperance ikaiandikia NASA faini ya dola 400 kwa kosa la kutupa taka. Ilikuja kulipwa mwaka 2009, tena si na NASA, ni mtangazaji wa redio wa Marekani aliyechangisha wasikilizaji wake.

Ukitaka kucheka zaidi, Wamarekani hao hao mwaka 1980 wakarusha satelaiti ya kulichunguza Jua, tena wakati wa hasira zake. Mwaka 1984 wanaanga wakaifuata huko huko wakaitengeneza. Ikafika majira mengine ya hasira, Jua likafurisha hewa, na Desemba 1989 satelaiti ikaanguka. Mpelelezi kamalizwa na aliyekuwa anampeleleza.

Wa siku hizi nao wameonja. Tarehe 3 Februari 2022 kampuni ya SpaceX ilirusha satelaiti 49 za Starlink, zile za intaneti, ambazo huduma yake ilifika Kenya mwaka 2023. Kwa desturi yao ya wakati huo waliziachia kwanza chini kabisa, kama kilomita 210, yaani Dar mpaka Morogoro na kasafari kadogo mbele. Wanazikagua, nzima zinapandishwa, mbovu zinaachwa ziungue haraka zisizagae. Mpango mzuri. Ila kesho yake dhoruba kutoka kwenye Jua ikaikumba dunia. Si dhoruba ya kutisha, ya kawaida tu. Hewa ikafura, na kampuni yenyewe ikasema upepo ule wa mbele uliongezeka mpaka kwa asilimia 50 kuliko mara zilizotangulia. Wakaziamuru zilale ubavu, zipite kama karatasi iliyogeuzwa makali, zisikamate upepo. Wapi! Takriban 40 hazikuweza kupanda tena. Zimeungua zote, hata hazijamfikishia mtu barua moja.

Mei 2024 ikaja dhoruba ambayo kubwa kama hiyo haikuwa imeonekana tangu 2003, na maelfu ya satelaiti ikabidi ziwashe injini karibu kwa pamoja kujipandisha. Hebu fikiria kituo cha mabasi ambapo mabasi yote yanatoka dakika moja, na kila dereva alikuwa ameshapanga safari yake kwa kumtegemea mwenzake asimame pale pale.

Hapo ndipo lilipo soo lenyewe, na ndilo lililonifanya niandike. Watu wa satelaiti wanaweza kukuambia kupatwa kwa jua kwa miaka mia ijayo, saa na dakika. Lakini waulize kipande fulani cha roketi kitaanguka lini na wapi, watajikuna kichwa. Si uzembe. Kuanguka kunategemea hewa, hewa inategemea Jua, na Jua halitoi ratiba. Kipande nacho kinajiviringisha, saa hii kimekaa ubavu, saa nyingine kimekaa kifua wazi. Ukikosea saa moja tu ya kuanguka, umekosea mahali kwa kilomita 28,000, yaani umesema Makueni kumbe ni Brazili.

Novemba 2022 Wahispania walifunga sehemu ya anga lao kwa kama dakika 40 kwa kuogopa kipande kikubwa cha roketi ya Kichina. Ndege zikazuiwa, abiria wakakaa viwanjani wamenuna. Kipande kikaenda kuanguka bahari ya Pasifiki! Hao ni Wahispania wenye rada na wataalamu. Mukuku ilipigiwa simu na nani?

Mimi sisemi kwamba Jua ndilo lililoileta pete ile. Ninachojua ni kwamba wataalamu wa Marekani walitangaza Oktoba 2024 kuwa Jua limefikia kipindi cha kilele chake, na pete ikaja Desemba. Unganisha mwenyewe au acha.

Na usidhani hewa kufura ni ubaya mtupu. Ndiyo fagio pekee tulilo nalo huko juu. Bila hewa kuvuta, kila takataka iliyotupwa ingekaa milele, zikigongana na kuzaa takataka nyingine. Ile satelaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ukubwa wake sentimeta 10 kila upande, iliachiwa kutoka kituo cha kimataifa Mei 2018, na baada ya miaka kama miwili hivi ilishafagiliwa. Safi kabisa, haikumsumbua mtu.

Lakini fagio lenyewe tunalikata. Huu moshi wa magari na viwanda unaotuletea joto huku chini, huko juu kabisa kazi yake ni kinyume. Hewa ya juu ni nyepesi mno, gesi ya ukaa ikiwa huko inatupa joto nje kwenda angani, na hewa inapoa. Ikipoa inasinyaa. Ikisinyaa, mvuto unapungua, na takataka zinakaa miaka mingi zaidi kuliko zilivyotakiwa. Sisi tunatokwa jasho Kariakoo, kumbe huko juu kunapoa kwa sababu hiyo hiyo! Na roketi zinazidi kurushwa.

Habari ya nani analipa, sheria ipo. Kuna mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972 unaosema nchi iliyorusha kitu angani inawajibika moja kwa moja kikiharibu mali au kuumiza mtu huku chini, bila kutafuta eti nani alizembea. Mwaka 1978 satelaiti ya Warusi yenye mtambo wa nyuklia ilianguka Kanada, wakapigizana kelele, na mwaka 1981 Warusi wakakubali kulipa dola milioni tatu za Kikanada. Kanada ilimjua mdaiwa wake. Pete haina namba ya gari, kwa hiyo kabla ya kudai lazima kwanza mtu apige hesabu nyuma, mzunguko kwa mzunguko, hewa ilikuwa nzito kiasi gani siku ile na siku iliyotangulia, mpaka ampate mwenyewe. Hewa ile ile iliyopimwa Ngomeni kwa mpira ndani ya mpira.

Fundi redio ameniambia wiki ijayo nimweleze kwa nini redio ya masafa mafupi inashika stesheni za mbali usiku kuliko mchana. Anadhani ananitega. Tukutane hapa hapa panapo majaaliwa.